Yakuti Hakuzaliwa na Mtu

"Mimi ndiye Yakuti."

Hapo ndipo tulipokatia wiki iliyopita: mwanamke wa kofia pana na miwani myeusi amesimama katikati ya ukumbi, na Bi Mkwaruzo ndiyo kwanza anashuka ngazi ya mwisho. Wasomaji wangu wawili watatu mmeniandikia mkidhani Bi Mkwaruzo alizirai. Poleni sana. Hamjamjua bado.

Bi Mkwaruzo alicheka.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Ni kile kicheko chake cha kukwaruza, ambacho watu hukisikia wakipita nje ya saluni yake na kujua kuna mtu anasutwa humo ndani.

"Yakuti!" alisema, akijifuta machozi. "Hebu geuka tukuone. Kumbe Yakuti ana mgongo!"

Kwa mliopandia njiani, nitasema upesi. Stoo ni klabu ya chini ya ardhi. Zamani ilikuwa stoo ya magodoro kweli, mpaka Bosi Mkubwa, Mungu amrehemu, alipogundua kwamba magodoro yakiegemezwa ukutani muziki unasikika vizuri ndani, na jirani hasikii kitu. Akauza vitanda, akabakiza magodoro. Kizazi kizima kikashuka ngazi zile kucheza muziki wa soul, na mpaka leo kizazi hicho hakijajifunza jambo jingine. Harusini wanazungumza habari za Stoo. Msibani, Stoo. Ukiwaambia nyumba inaungua, watakuuliza kama unakumbuka moshi wa Stoo.

Sasa Bosi Mdogo, mtoto wa marehemu, anaifungua upya. Ameagiza ukuta wa historia pale mlangoni, na mchoraji wa mabango amekuwa akiupaka tangu asubuhi. Picha zote ziko tayari. Imebaki nafasi moja, kubwa kuliko zote, ya aliyeimba "Taa ya Ngazini", wimbo uliokuwa ukiwatoa watu vitini kila Jumamosi.

Nafasi hiyo ndiyo anayoitaka Bi Mkwaruzo, wala hataki kingine. Katika maisha yake amerekodi wimbo mmoja tu, na ni huo. Lakini jina lililobandikwa juu ya santuri si lake. Ni Yakuti.

Na Yakuti, wasomaji wangu, hakuzaliwa na mtu.

Madijei wa enzi ile walioneana wivu kuliko wake wenza. Dijei akipata santuri ambayo wenzake hawana, wenzake walituma wapelelezi waje kuchungulia maandishi yake ya katikati. Basi naye alibandika karatasi juu ya maandishi hayo, akaandika uongo. Dijei wa Stoo alibandika nyingi hata watu wakamwita Gundi. Gundi huyo alikuwa mume wa Bi Mkwaruzo. Ndiye aliyemtengeneza Yakuti kwenye meza yao ya jikoni, kwa karatasi ya daftari na mkasi wa kukatia kucha, huku mkewe akimenya viazi pembeni.

Watu wakampenda Yakuti kufa. Mke alipoomba karatasi ibanduliwe, Gundi alimjibu: "Yakuti ana mashabiki. Wewe una mume." Haukupita muda mrefu hakuwa na mume pia.

Haya, turudi chini.

"Mama, naomba heshima kidogo," alisema Bosi Mdogo. Ni kijana wa suti ya kubana, wa kusema na watu huku akitazama simu. "Mgeni wetu ametoka mbali."

"Mwanangu, nilikufuta kamasi humu humu ndani, nyuma ya kaunta ya baba yako. Usinifundishe heshima. Muulize mgeni wako nani alimzaa."

"Historia inasema kwamba Yakuti..."

"Historia hiyo kakupa nani?"

Bosi Mdogo alionyesha kwa kidole. Kwenye viti vya mbele walikuwa wamealikwa wachezaji wa zamani wa Stoo kuja kushuhudia, na kati yao aliinuka Gundi mwenyewe. Amevaa koti la ngozi, na nywele amezipaka rangi nyeusi mpaka rangi imeingia hadi kwenye ngozi ya paji la uso.

Bi Mkwaruzo alishusha pumzi. Gundi ana mengi, alijisemea, lakini hawezi kunikana nikiwa nimemkodolea macho.

"Haya, baba mtoto," alisema. "Waambie ulivyomzaa Yakuti."

Gundi alikohoa. Alitazama dari, akatazama viatu vyake, akatazama kila mahali isipokuwa usoni kwa mtalaka wake.

"Ndiye huyu," alisema, akimwelekea mwenye kofia. "Huyu ndiye Yakuti. Nami ndiye niliyemgundua."

Wachezaji wa zamani wakapiga makofi. Mzee Poda, ambaye kazi yake enzi hizo ilikuwa kumwaga poda sakafuni ili viatu viteleze, alilia waziwazi. Msimwonee huruma, hulia hata akiliona kopo la poda dukani.

Bi Mkwaruzo hakucheka tena. Kuachwa alikuwa amekuzoea, lakini huku kukanwa mbele ya watu, tena kwa sauti ya upole namna ile, kulimchoma. Sababu aliiona bila kuambiwa. Bosi Mdogo alikuwa amemwahidi Gundi kurudishiwa Jumamosi zake zote. Dijei aliyemgundua Yakuti ni wa kuwekwa jukwaani. Dijei aliyemkata Yakuti kwenye daftari la shule ni wa kupelekwa nyumbani akalale.

"Mama saluni!" alipiga kelele Mzee Poda. "Kama wewe ndiye, si uimbe tukusikie?"

"Imba! Imba!" wakadakia wenzake.

Hapo ndipo penye kidonda.

Bi Mkwaruzo hawezi kuimba. Madaktari walimpasua koo wakatoa uvimbe. Uhai ukabaki, sauti ya kuimba ikaondoka na ule uvimbe. Kusema anasema, kufoka anafoka, lakini akijaribu kuimba hutoka upepo. Anayejua ni binti yake peke yake. Wengine wote wanaamini amegoma kwa kiburi, naye amewaacha waamini hivyo. Afadhali kuitwa mwenye kiburi kuliko kuonewa huruma na mtu kama Mzee Poda.

"Siimbii watu wanaopiga makofi kabla hawajasikia kitu," alijibu. "Anzeni na huyo wenu."

Mwenye kofia akaimba.

"Niachie taa ya ngazini, nitarudi hata kama hunitaki..."

Jamani! Ilikuwa ile ile. Sauti ya juu, nyembamba, ya haraka haraka, kama msichana anayekimbia huku anaimba. Kila pumzi mahali pake. Wachezaji wa zamani walianza kutikisa magoti vitini, na mmoja alisimama kuruka, mgongo ukamkataza, akaketi. Bosi Mdogo aliweka simu mfukoni. Mchoraji akachovya brashi kwenye rangi.

Bi Mkwaruzo alisikiliza kichwa kikiwa upande. Halafu akamwona mwimbaji akijikuna kiganja kwa dole gumba, taratibu, kila alipotaka kupanda juu. Kiganja kile alikifahamu. Akasogea, akasema kwa upole ambao wateja wake wa saluni wangeuogopa:

"Wifi, hujambo? Watoto hawajambo?"

"Hatujambo, wifi. Shikamoo," akajibu mwenye kofia.

Kisha akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Malezi mema ni balaa, mwongo aliyefunzwa adabu hafiki mbali.

"Marahaba, mwanangu. Vua miwani, humu ndani hakuna jua."

Miwani ikavuliwa. Bi Mkwaruzo akamgeukia Bosi Mdogo. "Huyu ni dada yake Gundi. Mdogo wake, tumbo moja. Alikuwa akipokea makoti ya watu pale mlangoni. Nimebeba wanawe mgongoni. Sasa mwite Yakuti tena nikusikie."

Bosi Mdogo alimtazama Gundi. Gundi alimtazama dada yake kwa macho ya kutaka kummeza. Mngedhani mambo yameishia hapo. Lakini mwongo mzoefu ni kama paka, humwangushi akafikia mgongo.

"Ndiyo, ni dada yangu!" Gundi alisema, akipandisha mabega. "Kwani dada wa mtu haimbi? Baba yetu alikuwa mkali, angemvunja miguu. Ndiyo maana nikamwita Yakuti, nimfiche. Jina nililitunga, nakiri. Sauti je? Si mmeisikia wenyewe?"

"Ni ile ile!" alisema Mzee Poda. "Mimi siwezi kudanganywa. Ile ile kabisa!"

"Kabisa," alisema Bi Mkwaruzo. "Ni ile ile, na ndiyo maana nasema ni uongo."

Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya dijei. Mashine mbili za santuri za zamani zilikuwa zimewekwa pale kwa maonyesho, na santuri ya "Taa ya Ngazini" juu ya mto wa buluu, utadhani mfalme amelazwa. Gundi aliruka kutoka kitini.

"Usiguse mashine ya kushoto!"

"Mmemsikia?" alisema Bi Mkwaruzo. "Mashine ziko mbili, anaililia ya kushoto."

Aliinua sahani ya mashine akaiweka kando. Chini yake kulikuwa na mota na kigurudumu chake kidogo. Akaingiza ukucha, akabandua, akavuta. Ukatoka utepe mweusi, wa kunata, mrefu kuliko mkono wake. Akaurusha kwenye mapaja ya Gundi.

"Wanamuziki wa studio walinipigia taratibu," alisema, "kwa sababu wimbo ni wa mwanamke aliyechoka. Lakini nyinyi mliolipia poda mlitaka kurusha miguu. Basi huyu bwana akazungushia utepe kwenye mota, kigurudumu kikanenepa, sahani ikaenda mbio. Wimbo ukipelekwa mbio, sauti nayo inapanda. Mwanamke mzima akawa kasichana. Hakuna koo la binadamu lililowahi kuimba vile. Wifi yangu masikini amefanya kazi kubwa, ameiga mota."

"Uzushi huo," alisema Gundi, lakini alisema kwa sauti ya mgonjwa wa kitandani.

Bi Mkwaruzo alirudisha sahani, akaweka santuri, akashusha sindano.

Ikaja ngoma, taratibu. Likaja gitaa. Halafu ikaja sauti nzito, ya kifua, yenye mkwaruzo kwenye kingo. Ni sauti ile ile iliyokuwa ikiwatukana muda si mrefu uliopita, ila ilikuwa changa na nzima. Hata mchoraji aligeuka kumtazama mwenye sauti. Hakuna aliyeweza kukataa. Gundi alikaa chini na utepe wake.

Na Bi Mkwaruzo? Hakuwa ameisikia hivyo tangu siku aliyotoka studio. Nyumbani hakuwa na santuri, na Stoo walipiga ile ya mbio. Alikuwa ameanza kusahau kwamba aliwahi kuwa na kitu cha kuibiwa. Alisimama akashika meza, akaumia, akafurahi, akamwonea uchungu yule msichana wa kwenye santuri ambaye hakujua atafanywa nini. Machozi yalimjia. Akajifanya anafuta vumbi kwenye mashine.

Wimbo ukaisha.

Mnadhani walimpigia magoti? Basi Stoo hamkuwahi kufika.

"Mbona inakokota?" aliuliza Mzee Poda.

"Kama betri imekwisha," alisema mwingine.

"Hiyo siyo yetu. Turudishieni yetu!"

"Mama, rudisha ule utepe, tafadhali."

Hao ndio mashabiki, wasomaji wangu. Hao ndio watu walioandikwa ukutani kwamba "waliupenda muziki kwa roho zao zote." Nusu ya maisha wamelilia utepe wa kunata, na walipoletewa binadamu wakalalamika kwamba anachelewa.

Bosi Mdogo alikohoa. "Mama, nimekubali. Ni wewe, hakuna ubishi. Lakini umewasikia. Watu wanamtaka Yakuti. Tutamwacha Yakuti ukutani, nawe tutakuandika chini yake, kwa herufi za kupendeza: tunamshukuru pia kwa mchango wake."

"Mchango!" Bi Mkwaruzo aliruka. "Mimi nilikuwa kwenye kamati ya harusi?"

"Mama, mimi nafanya biashara. Sakafu ikikaa tupu..."

"Sakafu haiwezi kukaa tupu! Hawa wameisikia kwenye santuri iliyolika, kwa masikio yaliyojaa poda. Wakiisikia kutoka kinywani kwangu, hapa, taratibu hivi hivi, watalia mpaka makamasi yawatoke!"

Ulimi hauna mfupa. Alipoyasikia maneno yake mwenyewe yakirudi kutoka ukutani, yalikuwa yamekwisha kumtoka.

Bosi Mdogo alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Sawa. Jumamosi ni ufunguzi. Njoo uimbe. Ukiwainua vitini, au hata ukiwaliza, mchoraji ataandika jina lako peke yake, na Yakuti namfuta. Usipokuja, Yakuti anabaki, na hili jambo tusilisikie tena. Umekubali mbele ya mashahidi?"

Gundi aliinua kichwa. Alimfahamu mkewe wa zamani vya kutosha kuona kitu kimempita usoni, ingawa hakujua ni nini.

"Anaogopa," alisema. "Hawezi."

Angenyamaza tu, mwanamke yule angetafuta njia ya kutokea. Lakini ni lini Gundi alijua kunyamaza?

"Nitakuja," alisema Bi Mkwaruzo. "Na wewe, Gundi, lete leso."

"Niandike au nisiandike?" aliuliza mchoraji, brashi ikimdondoshea rangi kiatuni.

"Subiri Jumamosi," Bi Mkwaruzo alimjibu, akachukua mkoba wake, akapanda ngazi bila kugeuka.

Alipanda kwa madaha mpaka kwenye kona, pale ambapo kutoka chini hawamwoni mtu. Hapo madaha yakamwishia. Akaegemea ukuta. Ujinga gani huu, alijiuliza. Mwanamke mzima, naponzwa na mdomo kama mtoto! Alikuwa ameishika haki yake mkononi, imekubaliwa, imesikika, na kwa kiburi tu ameirudisha mezani na kuweka dau asilo nalo.

Labda, alijisemea. Labda koo limepona. Hajajaribu siku nyingi.

Alitazama juu na chini. Akavuta pumzi kama alivyofunzwa, kutoka tumboni. Akafungua kinywa: "Niachie taa..."

Ulitoka upepo, basi. Ukafuatiwa na mkwaruzo mmoja mkavu, na maumivu. Akajaribu tena. Upepo. Mara ya tatu haukutoka hata huo upepo. Bi Mkwaruzo, ambaye hajawahi kuonekana akilia na mtu yeyote isipokuwa binti yake, alijifunika uso kwa mkoba na kulia.

"Wifi."

Aligeuka kama aliyemwagiwa maji. Nyuma yake, vidato viwili chini, alisimama yule dada yake Gundi. Viatu ameshika mkono mmoja, kofia mkono wa pili. Alikuwa amepanda peku, hakusikika.

"Umesikia nini?" Bi Mkwaruzo alimwuliza kwa ukali.

"Nimesikia yote."

"Haya, shuka. Kamwambie kaka yako. Mfurahishe."

"Simwambii." Yule mwanamke alimeza mate. "Wifi, kaka aliniambia umekubali. Aliniambia wewe ndiye uliyesema nije, kwa sababu huutaki tena wimbo. Ningejua, nisingekanyaga hapa. Haki ya Mungu."

"Umeshajua. Nenda."

Hakwenda. Alikuwa akijikuna kiganja kwa dole gumba.

"Maisha yangu yote nimeimba kwenye makoti ya watu," alisema. "Hakuna aliyenisikia mpaka leo, na leo wamenisikia kwa jina la karatasi. Sitaki jina, wifi. Lakini nyuma ya jukwaa kuna pazia. Jumamosi wewe simama mbele, ufungue kinywa, ujitikise unavyojua. Mimi nitakuwa nyuma yake. Taratibu, kama ulivyoimba wewe. Wataandika jina lako, na hakuna atakayejua."

Bi Mkwaruzo alimkodolea macho. Alikuwa na maneno ya kumjibu, tena makali, yaliyojaa kinywani: kwamba yeye si mwizi, kwamba ametoka kumvua mtu miwani kwa kosa hili hili, kwamba afadhali ukuta ubaki mtupu. Chini, mtu alikuwa amerudisha utepe kwenye mota. Sauti ya kasichana ikaanza kukimbia tena, na wazee wakashangilia.

Aliisikiliza mpaka kwenye kiitikio. Akafuta macho kwa kiganja. Akashuka kidato kimoja, akamshika wifi yake mkono, akamwuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Sauti zile za chini, unazifikia?"